Muhuri wa wafuga nyuki: jina refu kwenye mpira wa milimita 40

Kampuni moja ndogo ya wafuga nyuki, inayouza asali ya miombo mjini Lubumbashi, ilikuwa na muhuri mpya usiosomeka. Ulikuwa wa mviringo, kipenyo chake milimita 40, wa ile aina inayojipaka wino yenyewe kila ukibonyezwa. Ukiugonga kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, pete ya nje ilitoka nzito, herufi za jina zikashikana, matundu ya A na R yakaziba, na kwenye namba ya RCCM, ile ya daftari la biashara, kulikuwa na tarakimu ambayo mmoja aliisoma 3 na mwenzake 8. Katikati, mahali pa nyuki, palikuwa na doa. Kwenye lebo za karatasi ya kaki wanazofunga shingoni mwa chupa, hata neno Lubumbashi lilipotea.

Benki ndiyo iliyowashtua. Mhudumu wa dirishani aliitazama barua yao, akaiinua kwenye mwanga, akawaomba walete nyingine yenye muhuri unaosomeka. Ndipo wakaja kwangu, nami ni fundi wa mihuri. Na huku kwetu kila mtu anajua: karatasi isiyo na kashe, yaani muhuri, haitoki meza moja kwenda nyingine.

Kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Mama mwenye kampuni alisema mpira ni wa bei rahisi. Katibu wake, kijana anayeishi ndani ya simu, alisema wino. Dereva wao alisema mashine ya fundi ni ya Kichina, kana kwamba yangu ilitengenezwa Kipushi hapa jirani. Nilipouangalia mpira wenyewe kwa kioo cha kukuza niliona kwamba fundi wa kwanza ana sehemu yake ya lawama, nayo nitaisema. Lakini hata angekuwa fundi bora kuliko wote mjini, mchoro ule asingeuokoa.

Kilichopelekwa kwa fundi

Katibu alichukua nembo ya kampuni kutoka kwenye picha ya wasifu ya WhatsApp: faili la JPEG, pikseli 320 kwa 320. Nembo ina nyuki aliyetua juu ya msalaba wa shaba, ule wa Katanga wenye mikono minne ambao mababu waliumimina kwenye kalibu na kuutumia kama fedha. Nyuma yake kuna sega la vyumba vya pembe sita. Yote yamepakwa rangi inayoanza na manjano ikaingia kahawia polepole, na kwenye chupa, ikiwa imechapwa kwa rangi, inapendeza kweli. Kuizunguka nembo katibu aliweka jina la kampuni kwa Kifaransa, jina lenye maneno matatu yanayoishia kwa -tion na SARL, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, mwishoni. Chini akaweka namba ya RCCM, Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa), namba ya kodi na namba mbili za simu. Nje akazungusha pete mbili nyembamba. Alipomaliza, akapiga picha ya skrini, mchoro wote sasa ukiwa na upana uleule wa pikseli 320, akaituma.

Sasa hesabu. Milimita 40 ni inchi 1.57. Picha ya pikseli 320 ikitandazwa kwenye upana huo inatoa pikseli 203 kwa inchi, maana yake kila pikseli inafunika milimita 0.125. Pete ya milimita 0.2 inabaki na pikseli moja na nusu hivi, na kwa kuwa nusu ya pikseli haipo, kompyuta inaijaza kwa kijivu. JPEG nayo inaongeza vumbi lake kuzunguka kila ukingo mkali. Ilibuniwa kwa ajili ya picha za watu na mandhari. Inapunguza uzito wa faili kwa kutupa vitu ambavyo jicho halitavikosa kwenye uso wa mtu. Kwenye herufi ndogo jicho linavikosa mara moja. Na kila ukiituma picha hiyo kwa WhatsApp kama picha, inakamuliwa tena. Ikitumwa kama hati, inafika ilivyo.

Ili ufanye kazi kwa pikseli 600 kwa inchi, upana huo wa milimita 40 unadai pikseli 945. Kwa 1200, pikseli 1890. Kuivuta picha ya 320 mpaka ifike 1890 hakusaidii kitu, kwa sababu programu haijui nyuki ana sura gani. Inachofanya ni kuutanua ukungu uliopo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mpira haujui kijivu. Mahali panagusa karatasi au hapagusi. Kila pikseli ya kijivu lazima ihukumiwe, iwe nyeusi au iwe nyeupe, na usipohukumu wewe, programu ya fundi itahukumu kwa niaba yako, mara nyingi kwa kukata katikati: iliyozidi nusu inakuwa nyeusi, nyingine inafutwa. Hivyo ndivyo ile rangi ya manjano na kahawia ilivyokatwa. Upande mmoja wa sega ukawa mweusi tii, upande wa pili ukatoweka, na nyuki, aliyekuwa kahawia juu ya kahawia, akamezwa.

Sehemu ya fundi ni hii. Alitumia polima ya kimiminika, inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kazi hiyo inataka negativu: maandishi yanaachwa wazi, sehemu nyingine zote zinafunikwa kwa weusi. Mwanga unapopita, polima inaganda. Usipopita, inabaki laini na kuoshwa kwa maji na sabuni. Weusi wa negativu ukiwa hafifu, kwa mfano umechapwa kwenye karatasi ya kunakilia michoro kwa printa ambayo tona yake inaelekea kwisha, mwanga unavuja na polima iliyo kati ya herufi inaganda nusunusu. Kwenye mpira ule mabonde kati ya herufi yalikuwa na kina kidogo mno, mengine yamejaa kabisa, kwa hiyo wino ulikuwa unakaa bondeni na kugusa karatasi kama vile uko juu ya herufi. Kuikagua negativu ni rahisi: inue mbele ya taa, na ukiona vitobo vya mwanga kwenye weusi, chapa upya kabla hujamwaga polima.

Tulichokosa ni weupe

Wateja wengi, muhuri ukikosa kusomeka, wanaomba unenepeshwe. Katibu naye, anayeniita yaya, yaani kaka mkubwa, alirudi na toleo jipya la mchoro. "Yaya, nimeweka herufi zote nzito, sasa itaonekana." Nikamwambia, "Mdogo wangu, umeziba hata yale matundu yaliyokuwa yamebaki."

Kila kinachopita kwenye muhuri hunenepa njiani. Mpira ukibonyezwa unatanuka ubavuni, wino unasukumwa pembeni, halafu karatasi inaunywa na kuusambaza. Kwenye karatasi ya ofisi mimi huhesabu milimita 0.1 kila upande wa mstari. Kwenye kaki ninahesabu zaidi. Basi mstari wa milimita 0.2 utakuja kuwa 0.4, hilo halina shida. Shida ni nafasi nyeupe ya milimita 0.2 kati ya mistari miwili: hiyo haitakuwepo tena. Anayechora kwa ajili ya muhuri anapaswa kuangalia sehemu nyeupe kwanza, ndani ya herufi, kati ya herufi na herufi, kati ya pete na maandishi, maana ndizo zinazoliwa pande zote mbili. Weusi hauhitaji msaada.

Tukapima mchoro wake kwa jicho hilo. Duara ambalo jina lilikalia lilikuwa na kipenyo cha milimita 33, hivyo mzingo wake ni karibu milimita 104. Jina lilipewa robo tatu za mzingo huo, milimita 78, kwa sababu robo iliyobaki ilichukuliwa na namba. Jina lenyewe, ukihesabu na nafasi, lina alama 74. Gawanya: kila alama inapata milimita 1.05. Kwa herufi kubwa za Arial hapo unaangukia kati ya pointi 4 na 5. Herufi nzima ina kimo cha milimita 1.2 hivi, na tundu la A ni dogo kuliko wino utakavyotanuka. Hakuna mashine wala bei ya mpira itakayoliacha wazi.

Njia zilizobaki ni chache. Unaweza kuongeza ukubwa wa muhuri, lakini chombo walichokuwa nacho ni cha milimita 40, na muhuri mkubwa kuliko huo unaanza kufunika sahihi na maandishi ya barua. Unaweza kufupisha jina, lakini jina la muhuri linatakiwa kufanana na jina la kwenye hati za kampuni. Ukianza kukata maneno, utarudi benki kueleza. Kinachoweza kuondoka ni namba. RCCM, Id. Nat. na namba ya kodi tayari zimechapwa kichwani mwa karatasi zao za barua na za risiti. Muhuri ulikuwa unazirudia, kwa ukubwa ambao hakuna mtu angeweza kuzisoma.

Mama hakufurahi. "Papa, bila namba watasema sisi ni kampuni ya mfukoni." Sikuidharau hoja hiyo. Mjini hapa namba nyingi zinatuliza watu, na sekretariati za barabarani, vile vibanda vya kuchapa barua, zimezoesha macho yetu kuona muhuri uliojaa mpaka ukingoni. Tukakubaliana kwamba namba zitapata muhuri wake, wa mstatili, na ule wa mviringo ubaki na jina, nembo na mji.

Jina likapewa duara zima, isipokuwa milimita 8 chini kwa ajili ya nyota ndogo inayoonyesha mwanzo na mwisho. Kila alama ikapata karibu milimita 1.3. Kwa fonti nyembamba isiyo na vimkia, kama Arial Narrow, katika unene wake wa kawaida, hiyo inatosha kufika pointi 6 na nusu na bado kuachanisha herufi kidogo. Pointi 6 ndiyo sakafu yangu kwa muhuri wa ofisi. Chini ya hapo ninakataa kazi. Fonti zenye vimkia, kama Times, nazikwepa kwenye ukubwa huo, kwa sababu mistari yake ya mlalo ni myembamba mno na inakatika, huku ile ya wima ikinenepa.

Kulikuwa na jambo la É. Jina lina tatu, na kwenye pointi 4 na nusu kile kialama cha juu kilikuwa kimeng'ang'ania kichwa cha herufi, E ikaonekana kama imevunjika shingo. Wapo wanaofuta vialama hivyo kwenye herufi kubwa na kuendelea na maisha. Mimi siwafuati, kwa kuwa jina limeandikishwa navyo. Tuliyageuza maandishi kuwa maumbo, tukakipandisha kila kialama kwa mkono, kisha mstari wote wa maandishi ukashushwa kidogo kuelekea katikati ili kialama kisiiguse pete.

Pete zikapungua kutoka mbili hadi moja, yenye unene wa milimita 0.5. Pete mbili za milimita 0.2 zilizotengana kwa 0.3 ni pete moja yenye kutu, ndivyo zitakavyotoka. Na pete nyembamba peke yake pembeni ya mpira haina kitu cha kuiegemeza: mkono ukielemea upande mmoja inapinda, upande wa pili inakatika.

Nyuki bila miguu

Nembo niliichora upya. Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure, ina kitufe cha kufuatisha picha na kuigeuza kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari usio na pikseli, na CorelDRAW inayopendwa na mafundi wengi nayo inayo. Kwa picha safi na kubwa kinafanya kazi nzuri. Kwa picha ya pikseli 320 kinafuatisha uchafu kwa uaminifu mkubwa: pembe zinakuwa duara, mistari inapata vinundu, vumbi la JPEG linageuka visiwa. Ni haraka zaidi kuiweka picha hiyo chini, kuifunga isisogee, na kuchora juu yake kwa mistari yako mwenyewe.

Sehemu ya katikati ilikuwa na upana wa milimita 20 tu. Nyuki akabaki na mwili wa yai wenye mikanda mitatu myeupe, kila mmoja milimita 0.4, na mabawa mawili ya mstari mtupu. Vipapasio vya kichwani nilivifupisha na kuvinenepesha. Miguu nikaiondoa yote sita. Mama aliona mara moja. "Nyuki wangu atatembeaje?" Nikamchapia nembo yake ya zamani kwa ukubwa halisi, milimita 20, nikamwomba anionyeshe miguu. Aliitafuta, akacheka, tukaendelea.

Msalaba wa shaba ulihitaji mistari ya pembeni na ule mgongo wa katikati tu, na mtu wa Katanga ameshautambua. Sega ndilo lililonipa kazi. Kwenye picha ya rangi vyumba vyake vimejaa, na katibu alitaka vibaki vimejaa. Eneo kubwa jeusi kwenye muhuri halitoki jeusi. Wino unakimbilia ukingoni na katikati panakuwa na mawingu, halafu kwa muhuri unaojipaka wino, eneo hilo linanyonya pedi kupita sehemu nyingine. Vyumba vikawa mistari ya milimita 0.4, na kutoka vyumba kumi na zaidi vikabaki vitatu.

Kabla ya hapo Mama alikuwa amependekeza jambo jingine: badala ya nyuki tuweke kichwa cha chui, kama kwenye mihuri ya komine, yaani ya serikali ya mtaa, ili muhuri uheshimiwe. Hilo nililikataa bila mjadala mrefu. Kichwa cha chui, pamoja na jino la tembo na mkuki, na maneno Justice, Paix, Travail, ndiyo nembo ya taifa tangu 2006. Ni ya dola. Kampuni ya asali haiwezi kuivaa, na fundi anayekubali kuichonga kwa mtu binafsi anajitafutia kesi. Isitoshe, yale madoa ya chui kwenye milimita 20 yangetoka kama ndui.

Mchoro ulipokuwa tayari tuliufanyia jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kulipa. Nakili mchoro wote, kisha kila umbo jeusi liongezee mstari wa pembeni mweusi wa milimita 0.2. Nusu ya mstari huo inaangukia ndani ya umbo na nusu nje, kwa hiyo umbo linanenepa kwa milimita 0.1 kila upande, kama wino utakavyolinenepesha. Chapa nakala hiyo kwa ukubwa halisi, uisome kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila palipoziba ndipo muhuri utakapoziba. Kwetu ziliziba sehemu mbili: nafasi kati ya bawa na mgongo wa msalaba, na tundu la herufi R moja iliyobanwa na jirani yake. Bawa lilisogezwa, R ikaachiwa nafasi. Yote haya kwenye kompyuta, bila kupoteza hata kipande cha mpira.

Faili linaloenda kwenye leza

Safari hii mpira ulichongwa kwa leza. Mashine hizi nyingi hutumia leza ya gesi ya kaboni dioksidi. Mwanga wake unachoma na kuondoa mpira kila pasipo na maandishi, na kuacha herufi zimesimama. Kuta za herufi haziachwi wima kabisa. Programu ya mashine inazipa mteremko, ziwe nene zaidi chini, ili herufi ndogo isiyumbe ikibonyezwa. Mteremko huo nao unataka nafasi: herufi zilizobanana sana hazina mahali pa kushusha miguu yao, bonde linabaki na kina kifupi, na tumerudi kwenye ugonjwa wa mwanzo kwa njia nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi mpira huo ni wa kutupa, kwa hiyo ni busara kuuliza kama fundi ana jenereta kabla ya kuuliza kama ana haraka.

Faili tulilopeleka lilikuwa PDF ya vekta. Maandishi yote yalikuwa yamegeuzwa maumbo, kwa sababu kompyuta isiyo na fonti yako inaibadilisha na yake bila kukuambia. Nyeusi ilikuwa nyeusi peke yake, bila kuchanganywa na rangi nyingine. Mabaka meupe yaliyofunika makosa yaliondolewa na makosa yenyewe yakafutwa, maana kuna programu zinazoliona baka kama umbo la kuchongwa. Hakukuwa na mstari hata mmoja usio na unene uliotajwa. CorelDRAW ina ule mstari mwembamba kuliko yote, ambao unachapwa kwa unene wowote ambao mashine inaweza. Kwenye skrini unaonekana vizuri, kwenye mpira haupo, na baadhi ya mashine za leza huuelewa kama amri ya kukata. Nimeona mpira uliokatwa vipande kwa sababu hiyo.

Kuhusu kugeuza: muhuri unachongwa kinyume ili usomeke sawa, na watu wenye bidii huugeuza mchoro wenyewe kabla ya kuutuma. Programu ya fundi inaugeuza tena, na muhuri unatoka ukisomeka kinyumenyume kwenye karatasi. Peleka mchoro unaosomeka kawaida, na kando ya faili andika hivyo, pamoja na kipimo: kipenyo cha pete, milimita 39. Kipimo hicho kinamzuia fundi asiubane au kuuvuta mchoro ili uingie kwenye chombo.

Kabla ya kuchonga, katibu alisoma jina kwa sauti herufi moja moja, na dereva, ambaye hakuhusika na mchoro, akafuatisha kwenye hati za kampuni. Macho ya aliyechora hayafai kwa kazi hiyo, yameshaizoea.

Kaki

Kwenye barua na risiti muhuri mpya ulisomeka tangu mara ya kwanza. Kwenye lebo za kaki ulisomeka kwa shida, na nilikuwa nimewaonya. Kaki ni karatasi isiyo na ngozi, inakunywa. Zaidi ya hapo ni kahawia, na wino wao ulikuwa wa zambarau. Zambarau juu ya kahawia inazama. Tena lebo inaning'inia kwenye chupa ya asali, inashikwa kwa mikono yenye asali, inapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Wino wa kawaida wa mihuri ya ofisi ni wa maji, ukilowa unatiririka.

Hapa sikubaliani na wanaotaka muhuri mmoja ufanye kila kazi. Muhuri wa ofisi ukizunguka ghalani na sokoni kila siku, yupo atakayegonga nao karatasi ambayo Mama hajaisoma. Lebo ikachongewa mpira wake, mraba wa milimita 50, wenye mpini wa mbao. Juu yake kuna nyuki na msalaba kwa ukubwa unaostahili, neno ASALI kwa pointi 24, na Lubumbashi kwa pointi 12. Hakuna pete, hakuna SARL. Mistari yote ilianzia milimita 0.6, na nafasi nyeupe haikushuka chini ya 0.8. Pedi yake iko kando, ina wino mweusi wa chembechembe za rangi, ambao ukikauka kwenye kaki unavumilia unyevu kuliko ule wa maji.

Dereva aliuliza kama wangeweza kugonga moja kwa moja kwenye mifuniko ya plastiki. Wangeweza, kwa wino wa kiyeyushi, wenye kemikali kali badala ya maji, unaokauka haraka, kwa kuwa wino wa maji hauna pa kuingia kwenye plastiki na utabaki ukipakaza vidole. Ila wino huo wa kiyeyushi unaharibu polima. Anayeutaka lazima achonge mpira halisi na kuuliza kwanza kama mpira huo unauvumilia. Mama aliona gharama ya pedi ya tatu, akasema mifuniko ibaki mitupu.

Mpira wa muhuri wa kwanza ulibanduliwa kwenye chombo chake na kukatwa vipande mbele ya katibu. Benki inahifadhi mfano wa muhuri pamoja na mifano ya sahihi, na mihuri miwili tofauti yenye jina moja inaleta maswali ambayo hakuna mtu anapenda kuyajibu dirishani. Mfano mpya ulipelekwa pamoja na barua.

Ule wa mstatili, milimita 47 kwa 18, ulikuwa kazi nyepesi: mistari minne ya pointi 8, RCCM, Id. Nat., kodi na simu. Namba mbili za simu hazikuingia kwenye mstari mmoja bila kushuka chini ya pointi 8, kwa hiyo Mama alichagua ile anayopokelea pesa.